Sumu ya koboko na "ua" la baharini: wanajuaje umbo la kitu kisichoonekana?

Leo tuache kidogo siasa na matokeo ya mpira, tuongelee sumu. Siyo sumu ya maneno, ni sumu yenyewe, ile ya nyoka na ya viumbe wa baharini.

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, kama kilomita 25 hivi, unafika Meserani. Pale kuna sehemu ya kuangalia nyoka ambayo madereva wa njia ile wanaijua vizuri. Mtalii analipa kiingilio, anamwangalia koboko nyuma ya kioo, anapiga picha, anapanda gari na kuendelea na safari yake ya Ngorongoro. Lakini hapohapo kuna zahanati, na wanaoingia kule hawakuja kupiga picha. Ni watu wa vijiji vya jirani, wengi wafugaji, na baadhi yao wameletwa kwa sababu wameng'atwa na nyoka. Kwa mtalii koboko ni picha. Kwa mchungaji wa Monduli ni suala la kufa na kupona.

Sasa hebu tujiulize: hivi hiyo sumu ni kitu gani hasa? Wengi wetu tunaisema kama vile ni kitu kimoja, kama maji au mafuta ya taa. Kumbe sivyo. Tone moja la sumu ya koboko ni mchanganyiko wa molekuli za aina nyingi, kila moja ina umbo lake na kazi yake mwilini. Na umbo ndilo linaloamua kazi. Ukilijua umbo la sumu unaweza kutafuta cha kuizuia, au hata kuigeuza iwe dawa. Usipolijua, unapapasa gizani.

Nataka nieleze jinsi wanasayansi wanavyolipata hilo umbo. Mfano wangu ni kiumbe wa baharini, ila msije mkasema sisi wa chini ya Mlima Meru bahari inatuhusu nini. Subirini kidogo, maana aliyesaidia kufungua siri ya kiumbe huyo ni nyoka wa huku kwetu Afrika Mashariki.

HILI "UA" NI MNYAMA

Walioangalia ile filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 watakumbuka nyumba ya yule samaki mdogo mwenye rangi ya chungwa na mistari myeupe. Anaishi katikati ya kitu kama ua kubwa lenye vidole vingi vinavyocheza na maji. Kile kitu siyo ua wala mmea. Ni mnyama, jamaa wa matumbawe na wa yavuyavu, na wataalamu wanamwita anemoni. Wapo kwenye miamba ya Mafia na Unguja, na mmoja wa aina kubwa zaidi, Radianthus magnifica, anapatikana kuanzia pwani yetu mpaka visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki.

Anemoni hakimbii. Amejishikiza kwenye mwamba, anasubiri. Kwenye vile vidole ana maelfu ya vijisindano vidogo sana vilivyojikunja kama springi. Samaki mdogo au kamba akigusa tu, vinafyatuka na kumchoma sumu. Samaki wa Nemo anaishi humo kwa sababu ngozi yake ina ute unaomkinga.

Na sumu hii ina historia ndefu kwenye tiba. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wanawapa mbwa sumu ya anemoni kidogokidogo wakitegemea watazoea. Ikawa kinyume. Mbwa aliyepona dozi ya kwanza, akipewa kidogo tu wiki kadhaa baadaye, alikufa haraka. Mwili ulikuwa umejifunza kuogopa sumu ile kupita kiasi. Hali hiyo wakaiita anafilaksisi, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Likumbukeni neno hili, tutalihitaji huko mbele.

KOBOKO WA KIJANI ANAINGIAJE HAPA?

Kuna koboko mweusi, yule mrefu wa nyika ambaye habari zake kila mtu anazijua. Halafu kuna ndugu yake wa kijani, anayeishi juu ya miti kwenye misitu ya pwani, miembe na mikorosho, kuanzia Kenya kupitia Tanzania mpaka Msumbiji na kusini. Wazungu wanawaita wote wawili "mamba", neno walilolitoa kwa Wazulu. Kwa hiyo ukisoma kwenye mtandao habari ya mamba wa kijani, usidhani ni yule wa mtoni!

Huku kwetu koboko wa kijani alipata umaarufu miaka ya 1950 na 1960, wakati Mwingereza mmoja mkamata nyoka, C.J.P. Ionides, alipokuwa anawakusanya kwa wingi kule Newala na Liwale.

Mwaka 1980 wanasayansi wawili, Alan Harvey wa Scotland na Evert Karlsson wa Sweden, walitangaza kwamba kwenye sumu ya koboko wa kijani wamepata molekuli inayofanya kazi ya ajabu kwenye mishipa ya fahamu. Wakaiita dendrotoksini.

Ili tuelewane, turudi kidogo kwenye Biolojia. Mshipa wa fahamu unapopeleka ujumbe, chembe za sodiamu zinaingia ndani kwa kasi na ujumbe unapita. Kisha milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, ujumbe unakatika, mshipa unatulia. Milango ya potasiamu ndiyo breki. Dendrotoksini inaenda kuiziba ile milango. Breki zimekatika! Mshipa unaendelea kupiga kelele, misuli inatetemeka na kukakamaa ovyo.

Wakati huohuo kwenye sumu ya koboko kuna kundi lingine, molekuli zenye umbo la vidole vitatu, ambazo zinaziba sehemu ambako msuli unapokea ujumbe. Huku mshipa unapiga kelele, kule msuli umezibwa masikio. Misuli ya kupumua ikigoma, ndo basi tena.

Sasa sikilizeni. Miaka ya 1990 kule Havana, Cuba, mwanakemia Olga Castañeda na wenzake walikuwa wanachunguza anemoni wa Bahari ya Karibi anayeitwa Stichodactyla helianthus. Walitaka kujua kama ana kitu kinachoziba milango ya potasiamu. Utajuaje, wakati majimaji ya anemoni yana molekuli za kila aina?

Wakatumia sumu ya koboko wetu kama kipimo. Jinsi ilivyokuwa: unachukua utando wa seli za ubongo wa panya, wenye milango ya potasiamu. Unaweka dendrotoksini iliyotiwa alama ya iodini yenye mionzi, ili uweze kuihesabu. Dendrotoksini inakaa kwenye milango. Halafu unaongeza majimaji ya anemoni. Kama dendrotoksini inanyimwa nafasi, maana yake ndani ya yale majimaji kuna kitu kingine kinachogombea kiti kilekile. Ni kama ule mchezo wa viti tuliocheza shule ya msingi.

Na kweli, dendrotoksini ilinyimwa kiti. Matokeo yalitoka mwaka 1995, na mkisoma majina ya waandishi mtakuta Castañeda wa Cuba yuko pamoja na Harvey na Karlsson, walewale wa koboko wa kijani. Sumu mpya ikaitwa ShK.

SHANGA 35 NA MAFUNDO MATATU

Kugundua kwamba kitu kipo ni hatua moja. Kujua kinafananaje ni kazi nyingine kabisa. Molekuli hii huwezi kuiona kwa darubini ya maabara ya shule hata uikodolee macho mwaka mzima. Uzito wake ni kama mara 225 tu ya molekuli moja ya maji. Sasa wanafanyaje?

Kwanza, kuisafisha. Unakumbuka lile jaribio la kidato la kuweka tone la wino kwenye karatasi ya kuchujia, halafu maji yanapanda na rangi zinaachana? Ile ni kromatografia. Maabarani wanatumia mrija uliojazwa vichembe maalum. Majimaji ya anemoni yanapita, molekuli ndogo zinachelewa au zinawahi kutegemea ukubwa na chaji, na kila kundi linakingwa kwenye chupa yake. Unajaribu kila chupa mpaka uipate inayofanya ile kazi. Unarudia tena na tena mpaka ubaki na aina moja tu ya molekuli.

Pili, kuipima uzito. Kuna mashine inayoipa molekuli chaji ya umeme na kuirusha. Kwa jinsi inavyoruka unajua uzito wake sawasawa, na hapo unajua kama kweli umebaki na kitu kimoja.

Tatu, kuisoma. Hapa nitumie mfano wa nyumbani. Fikiria akina mama wanaouza shanga za Kimasai pale mjini Arusha. Protini ni kama uzi wa shanga. Kuna aina 20 za shanga, zinaitwa asidi amino, na kinachotofautisha protini moja na nyingine ni mpangilio wa rangi. Msweden Pehr Edman alionyesha mwaka 1950 namna ya kuchomoa ushanga mmojammoja kuanzia ncha ya uzi na kuutambua kabla ya kuchomoa unaofuata. ShK ikasomwa: shanga 35. Basi! Dendrotoksini ya koboko wa kijani ina 59.

Nne, mafundo. Kati ya zile shanga 35, sita ni za aina inayoitwa sisteini, zenye salfa. Sisteini mbili zikikutana zinashikana na kufanya fundo gumu. Sita zinafanya mafundo matatu. Lakini ipi imeshikana na ipi? Piga hesabu: ya kwanza ina wenzake 5 wa kuchagua. Zikibaki nne, inayofuata ina 3. Mbili za mwisho hazina uchaguzi. 5 mara 3 mara 1 ni 15. Njia 15, na moja tu ndiyo ya kweli. Wakaikatakata sumu vipande kwa vimeng'enya huku mafundo yakiwa bado yamefungwa, wakaangalia vipande gani vimebaki vimeshikana. Jibu: ushanga wa 3 umefungwa na wa 35, wa 12 na wa 28, wa 17 na wa 32. Yaani mwanzo na mwisho wa uzi vimefungwa pamoja.

Haya mafundo siyo pambo. Ndiyo yanayofanya sumu iwe ngumu, isifumuke kirahisi ikishaingia kwenye mwili wa windo.

REDIO ZA NGARENARO

Tano, umbo lenyewe. Hapa ndipo penye utamu.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kugandisha molekuli ziwe fuwele, kama chumvi au sukari guru, halafu unapiga eksirei. Mionzi inatawanyika kwa mpangilio fulani na kwa hesabu unapata mahali pa kila atomu. Ndivyo dendrotoksini ya koboko wa kijani ilivyopatikana mwaka 1992, kazi ya Tadeusz Skarzynski. Ikaonekana inafanana sana na protini moja ya kongosho la ng'ombe, ambayo kazi yake ni kuzuia kimeng'enya cha kusaga chakula. Koboko kachukua ramani ya kitu cha kawaida kabisa akakipa kazi ya kuua.

Njia ya pili haihitaji fuwele. Unayeyusha sumu kwenye maji, unaiweka ndani ya sumaku yenye nguvu kubwa sana. Mashine inaitwa NMR, na ni ndugu wa ile MRI ya hospitali. Kiini cha kila haidrojeni kina tabia ya kusumaku kidogo. Ukikipiga na mawimbi ya redio kinajibu kwa sauti yake, na haidrojeni mbili zikiwa karibu sana, chini ya nusu ya nanomita, moja inaathiri jibu la nyingine.

Chukulia hivi. Unataka kuchora ramani ya nyumba za Ngarenaro lakini huruhusiwi kufika. Unaweza tu kupiga simu kila nyumba na kuuliza: unasikia redio ya nani? Huyu anasema namsikia muuza duka na fundi cherehani. Fundi anasema namsikia muuza duka na mama ntilie. Ukikusanya majibu ya kutosha, kuna ramani chache sana zinazoweza kukubaliana na majibu yote kwa pamoja. NMR inafanya hivyohivyo. ShK ina haidrojeni zaidi ya 200, kila iliyo jirani inamtaja mwenzake, na kompyuta inakunja ule uzi wa shanga mpaka upate umbo lisilopingana na ushahidi. Aliyeongoza katika kuifikisha njia hii kwenye protini, Kurt Wüthrich wa Uswisi, alipata Nobel ya Kemia mwaka 2002.

Umbo la ShK lilichapishwa mwaka 1996 na Jan Tudor, Raymond Norton na wenzao, Norton akiwa Australia. Na hawakuhitaji kwenda kuvuna anemoni baharini. Mmoja wao, Michael Pennington wa Marekani, alikuwa ameshaitengeneza kwa kemia tupu, ushanga kwa ushanga, na ilipoachwa ijikunje ikafunga mafundo yaleyale.

KIZIBO KIMOJA, WANYAMA WATATU

Sasa umbo lilionyesha nini? Kwenye upande mmoja wa ShK kuna ushanga wa 22, asidi amino inayoitwa lisini. Ina mkia mrefu wenye chaji chanya, kama potasiamu yenyewe. Ule mkia unaingia kwenye tundu la mlango wa potasiamu na kuziba, kama kizibo kwenye chupa ya soda. Walithibitisha kwa kubadilisha shanga mojamoja: wakigusa ule wa 22 au jirani yake wa 23, nguvu ya sumu inaporomoka.

Mwaka 1997 timu ya Ufaransa ikachunguza anemoni mwingine na kulinganisha sumu yake na ya nge. Maumbo tofauti kabisa, lakini kila moja ina lisini imesimama mahali panapofaa kuziba tundu, na jirani yake wa kusaidia kushika. Na dendrotoksini ya koboko nayo inategemea lisini. Mnyama wa baharini, nge na nyoka wa mikorosho, hawana undugu wa karibu, ila kila mmoja kwa njia yake kafika kwenye kizibo kilekile.

Hata yule Radianthus magnifica wa pwani yetu anayo ya kwake. Mwaka 1997 maabara ya Singapore ilitangaza sumu yake inayoitwa HmK. Shanga 35, jamaa wa karibu wa ShK.

SUMU INAVYOGEUKA DAWA

Milango ya potasiamu haipo kwenye mishipa ya fahamu tu. Aina moja, Kv1.3, ipo kwenye askari wa mwili, zile seli nyeupe za damu, ambazo kwa watu wengine zinaasi na kuushambulia mwili wenyewe. ShK ilirekebishwa kidogo ili ipende zaidi mlango huo na kuuacha wa neva. Toleo hilo linaitwa dalazatide, na mwaka 2017 yalichapishwa majaribio kwa kikundi kidogo cha wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuwa na magamba. Wengi ngozi yao ilipata nafuu. Haijawa dawa ya kuuzwa dukani, lakini mwaka 2022 wanasayansi walifanikiwa kupata picha yake ikiwa imekaa juu ya mlango wa Kv1.3, kwa kutumia darubini ya elektroni na baridi kali.

Mfano mwingine: Mfaransa Sylvie Diochot na wenzake waliripoti mwaka 2004 sumu ya anemoni inayozuia milango inayohusika na maumivu. Miaka minane baadaye, 2012, huyohuyo Diochot na timu yake wakatangaza kwamba kwenye sumu ya koboko mweusi kuna molekuli, wakaiita mambaljini, inayozuia milango ya kundi hilohilo. Kwa panya ilipunguza maumivu kama mofini, bila kupunguza upumuaji. Tena anemoni na koboko kwenye sentensi moja!

SASA MCHUNGAJI WA MONDULI ANAPATA NINI?

Hili ndilo swali lenyewe. Dawa ya sumu ya nyoka mpaka leo inatengenezwa kwa mtindo ulioanza miaka ya 1890: farasi anachomwa sumu kidogokidogo, damu yake inatengeneza kinga, kinga inachujwa na kupewa mtu. Imeokoa watu wengi sana, tusiidharau. Ila ina matatizo matatu.

La kwanza, ni protini ya farasi, na mwili wa mtu unaweza kuikataa kwa ukali. Ile anafilaksisi ya Richet, mnaikumbuka? Ndiyo hiyo.

La pili, farasi hutengeneza kinga nyingi dhidi ya molekuli kubwa. Molekuli ndogo kama dendrotoksini na za vidole vitatu zinamshtua kidogo tu, wakati ndizo zinazoua. Kwa hiyo unahitaji chupa nyingi.

La tatu ni pesa. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa inatengeneza Fav-Afrique, dawa iliyofanya kazi dhidi ya nyoka wengi wa Afrika. Ikaacha kuitengeneza, na chupa za mwisho zikaisha muda wake Juni 2016. Wanaong'atwa ni wakulima na wafugaji, siyo wateja wenye fedha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka nyoka wanaua kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani. Mwaka 2017 likaweka kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Hapa ndipo umbo la molekuli linapokuwa suala la uhai. Ukijua ni molekuli zipi zinaua na zina umbo gani, huhitaji kumwachia farasi akubahatishie. Mwaka 2018 timu ya Andreas Laustsen wa Denmark ilionyesha kinga za kibinadamu, zilizochaguliwa moja kwa moja dhidi ya dendrotoksini, zikiwalinda panya dhidi ya sumu ya koboko mweusi. Januari 2025 Susana Vázquez Torres, David Baker na wenzao walionyesha protini ndogo zilizobuniwa kwenye kompyuta, zilizochongwa zikae sawasawa juu ya sumu za vidole vitatu, na panya waliopewa walipona. Baker huyo ni mmoja wa waliopata Nobel ya Kemia ya 2024 kwa mambo ya umbo la protini.

Tusidanganyane: panya siyo mtu. Kwa leo, ukiona mtu kang'atwa, mambo ni yaleyale. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usipoteze muda na jiwe jeusi wala kumfukuza nyoka. Mvue pete na bangili, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, mgonjwa asitembee, abebwe hospitali haraka. Koboko hasubiri kesho, na mgonjwa anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua.

NA SISI JE?

Angalieni ramani ya hadithi hii. Koboko wa Afrika Mashariki, anemoni wa Karibi. Maabara: Sweden, Scotland, Ufaransa, Australia, Marekani, Denmark, Singapore. Cuba, nchi isiyo tajiri, ilijipenyeza kwa sababu ilikuwa na anemoni wake na wakemia wake. Sisi tuna koboko, fira, kifutu, nge, na bahari yenye anemoni. Tunachopungukiwa ni watu wengi zaidi wa kuzisoma hizo shanga. Chuo cha Nelson Mandela kipo hapo Tengeru, chini ya Meru, kinapokea wanafunzi tangu 2011 na kinafundisha sayansi za uhai mpaka shahada ya uzamivu. Siyo mbali, ni nauli ya daladala tu.

Na kuna jambo unaweza kufanya leo, kwenye hiyohiyo nusu saa uliyolipia hapo kafe. Maumbo yote haya yamewekwa wazi, bure, kwenye hazina inayoitwa Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971. Fungua rcsb.org. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika 1ROO. Hiyo ni ShK, sumu ya anemoni. Kisha andika 1DTX. Hiyo ni dendrotoksini ya koboko wa kijani. Bonyeza sehemu ya umbo la pande tatu, shika kipanya, izungushe. Tafuta mafundo ya salfa, matatu kwenye kila moja. Kwenye ShK tafuta ushanga wa 22 uone kizibo chenyewe kilivyochomoza.

Huhitaji hela wala ruhusa ya mtu. Mwanafunzi wa Uppsala na chalii wa Sakina wanaona kitu kilekile.

Ukikwama kuifungua, uliza hapo chini kwenye maoni, na anayejua zaidi aongezee. Kama una ndugu aliyeng'atwa na nyoka huko Longido au Simanjiro, tuambie alitibiwaje, bila kutaja jina lake.

Naomba kuwasilisha.